Mtoto Husema Mara Moja

Haya ni maneno juu ya uonevu wa watoto kwa wenzao, niliyowaambia wazazi, walimu na maustadhi waliokutana Mkunguni, uwanja ulio mbele ya Ngome ya Amu (Lamu), Jumamosi baada ya sala ya alasiri. Wenzetu wengi wa Faza na Kizingitini, kisiwani Pate, walizuiwa na bahari ya kusi, wakaomba yaandikwe. Nimeyaandika kama nilivyoyasema.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wetu, mama zangu, baba zangu, maustadhi, walimu wenzangu, nanyi watoto mliokaa kule kwenye ngazi za Ngome: karibuni. Nyinyi watoto karibuni zaidi ya wote, maana tumekutana kwa ajili yenu.

Nimefundisha miaka 27, na 15 kati ya hiyo nilikuwa mwalimu wa ushauri nasaha. Nitaanza na kosa langu, kwa sababu ndilo lililonifunza karibu yote nitakayoyasema jioni hii.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la 5. Kwao mtaa wa Mkomani, shule yetu mtaa wa Langoni, na njia kuu ya katikati ya mji ni Usita wa Mui. Kila asubuhi huja amechelewa, jasho linamtoka, viatu vimejaa mchanga. Kila asubuhi nikampa adhabu. Nikamfagilisha uwanja, nikamsimamisha nje ya mlango. Muhula mzima! Nikamwita mvivu mbele ya wenzake.

Siku moja ya bamvua, maji yamejaa hadi juu ya ukuta wa pwani, akaja suruali imerowa mpaka magotini. Nikamuuliza, "Kwani wewe unapita wapi? Usita wa Mui si uko pale, mkavu, dakika 10 umefika?" Hakujibu. Nikauliza tena. Akainua macho, akaniambia kwa sauti ndogo: "Mwalimu, si nilishakwambia?"

Alikuwa ameniambia kweli. Wiki ya kwanza ya muhula alikuja mezani pangu, nami nikisahihisha madaftari. Akasema, "Mwalimu, kuna watu dakani hunishika nikipita." Daka ni ukumbi wa mbele ya mlango wa nyumba, watu hukaa hapo. Nami, bila kuinua kichwa, nikamjibu: "Usiwajali, nenda zako."

Akaenda zake. Akatii. Kwa wiki 11 mtoto wa miaka 11 akawa anauzunguka mji mzima kwa pwani, ili asipite mbele ya daka moja ambapo vijana wanne walikuwa wakimvua kofia, wakamnyang'anya pesa za mahamri, wakamwita kwa kilema cha babake. Akiwakwepa hao, anakuja kupokewa na adhabu yangu.

Wazazi wangu, mtoto husema mara moja. Nitalirudia neno hili, mnisamehe. Mtoto husema mara moja. Akisema akakuta mlango umefungwa, harudi kubisha. Hutafuta njia ya pwani.

Sasa najua wapo hapa wanaojiuliza: mwalimu, huu si utani tu? Sisi Waamu tumelelewa kwa utani. Nani hapa hana lakabu? Mtu anaweza kuzikwa na lakabu yake, jina lake la kweli watu wakalijua siku ya hitima. Utani ni wetu, nami sikuja kuuondoa. Lakini tuulizane: utani unakwisha wapi, uonevu unaanza wapi?

Yuko mtaalamu mmoja, Dan Olweus, mzaliwa wa Sweden aliyefanya kazi Norwe. Tangu miaka ya 1970 alichunguza uonevu wa shuleni, na alitupa mambo matatu ya kutazama. Je, anayefanya anakusudia kuumiza? Je, jambo linarudiwa? Je, nguvu zao si sawa, kiasi kwamba anayefanyiwa hawezi kujitetea? Hizo nguvu si misuli pekee. Wanne kwa mmoja ni nguvu. Mwenye ukoo mkubwa kwa mtoto wa mgeni ni nguvu. Mwenye simu mkononi kwa asiyejua kinachosemwa juu yake, hiyo nayo ni nguvu.

Watani wawili hujibizana. Huyu anarusha, yule anarudisha, wote wanacheka, kesho wanacheza mpira pamoja. Anayeonewa hana la kurudisha. Akicheka, anacheka ili iishe haraka. Mkitaka kujua, msitazame wanaocheka. Mtazameni yule mmoja, mtazameni machoni.

Wazee walishatuambia, mzaha mzaha hutumbuka usaha. Na maustadhi wanajua kuliko mimi kwamba aya ya 11 ya Sura Al-Hujurat inatukataza kudharauliana na kuitana kwa majina ya kejeli. Watoto wetu wameihifadhi aya hiyo. Wanaisoma chuoni, yaani madrasani, asubuhi kwa sauti nzuri, kisha wanatoka mlangoni wanamwita mwenzao "Kigugumizi". Nawaomba maustadhi, siku mnapoisomesha, msiishie kwenye tajwidi, kanuni za kusoma. Waulizeni: nani hapa darasani anaitwa jina asilolipenda? Kisha mnyamaze kidogo, mngoje.

Nije kwa jambo lililonileta hasa. Mtoto akisema, tunampokeaje?

Mara nyingi hata hasemi kwa mdomo. Tumbo humuuma Jumapili usiku, Ijumaa jioni halimuumi. Anarudi na njaa na pesa ya chakula ulimpa. Daftari limechanika, kalamu zimepotea tena na tena. Aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani ameanza upya. Simu ikilia anashtuka. Anabadilisha njia! Mimi siku hizi nikimwona mtoto anazunguka vichochoro bila sababu, simwachi mpaka nimejua.

Na wanaosema, husema kwa kupitia mbali. "Mama, nataka kuhama shule." "Baba, hivi mtu akikuchukulia kitu chako kila siku, ufanyeje?" Hilo ni bisho la mlango. Tunajibu nini?

Tunajibu, "Na wewe mpige." Jamani, angeweza kumpiga, angekuja kwako? Tunajibu, "Ulimfanya nini?" Hapo mtoto anasikia kwamba kosa ni lake. Tunajibu, "Mwanamume halii." Tunajibu, "Vumilia." Nami nilijibu, "Usiwajali." Majibu haya yote maana yake ni moja: jambo hili usiniletee tena.

Niwasimulie mama mmoja, na sitasema ni wa mtaa gani. Ni mpishi wa mahamri, anaamka saa 10 usiku. Binti yake wa gredi ya 6 alikuwa akikaa naye akikanda unga. Alfajiri moja binti akasema, "Mama, kina fulani hunifungia chooni wakati wa mapumziko." Mama huyu aliniambia kwamba moyo wake uliruka, na mkono wake ulitaka kuacha unga uende ukamkamate mtu. Hakuacha. Aliendelea kukanda, polepole, ili binti aendelee kusema. Hakumkatiza. Alipomaliza, mama akasema: "Umefanya vyema kuniambia. Si kosa lako. Tutafanya pamoja."

Maneno yale matatu, ndugu zangu, nimeyafundisha walimu wengi tangu siku ile. Umefanya vyema kuniambia. Si kosa lako. Tutafanya pamoja. Yasemeni hivyo hivyo, hata kama hasira zimekupanda kichwani. Hasira zako mtoto atazidhani ni zake.

Kisha akafanya nini? Alichukua daftari kuukuu, kila siku akaandika: siku gani, saa ngapi, wapi, nani alikuwepo, nini kilisemwa. Akamuuliza binti yake, "Unaonaje, tuanze na mwalimu gani?" Mtoto anayeonewa amenyang'anywa uamuzi. Usimnyang'anye tena kwa kukimbilia shuleni na buibui limekaa upande, ukipiga kelele uwanjani mbele ya darasa lake. Binti akamchagua mwalimu. Mama akaenda na daftari, akaongea kwa utulivu, akauliza mambo mawili: mtafanya nini kuanzia leo, na nirudi lini kuangalia? Akarudi siku aliyoambiwa. Mwalimu aliyekuwa zamu akawa anasimama karibu na vyoo wakati wa mapumziko, na wale wasichana wakaitwa mmoja mmoja. Haikuisha siku moja. Ilichukua karibu mwezi.

Na nyumbani walifanya mazoezi! Juu ya baraza lao, mama anajifanya yule muonevu, binti anajifunza kusimama wima, kutazama mbele, kusema neno moja fupi: "Wata!", yaani acha. Kisha kugeuka kuelekea walipo watu. Bila matusi, bila kulia, bila kukimbia. Mara ya kwanza "wata" lake halikusikika hata na paka. Wiki ya pili jirani alitoa kichwa dirishani kuuliza kuna nini. Mazoezi hayamfanyi mtoto alazimike kujitetea peke yake, kazi hiyo ni yetu. Yanamrudishia sauti yake tu.

Na hapa niseme neno zito. Mtoto akikwambia "bora nife", au akianza kugawa vitu vyake, usimwambie anadeka. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Norwe wavulana watatu walijiua, na sababu iliyoonekana kubwa ni kuonewa na wenzao. Nchi nzima ilishtuka, ndipo serikali ikaanzisha kampeni ya kupinga uonevu shuleni. Tusingoje sisi kushtuka namna hiyo. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Usimwache peke yake, mpeleke hospitali siku ile ile. Na iko namba 116, ya kusaidia watoto, inapigwa bure, saa 24. Mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Iandikeni kwenye ukuta wa jikoni, pasipo na haja ya kuuliza.

Upande wa simu sitakaa sana, maana vijana wanaujua kuliko sisi. Zamani mtoto akifika mlangoni kwao, uonevu ulibaki nje. Leo unaingia naye chandaruani. Kuna msichana alipigwa picha amesinzia darasani, mdomo wazi. Ikafanywa stika. Ikaingia kundi la WhatsApp la darasa, likafuata kundi la darasa la juu, siku ya tatu shangazi yake aliye Mombasa akaipata. Babake alifanya nini? Akamnyang'anya simu yule binti. Aliyedhulumiwa ndiye aliyeadhibiwa! Baada ya hapo unadhani akipata tatizo jingine la simu atamwambia babake?

Msifute kwa hasira. Pigeni kwanza picha ya skrini, ionekane jina na tarehe, kisha ndipo mzuie namba na mripoti kwenye programu yenyewe. Nyinyi mlio kwenye makundi hayo, stika ikifika kwako, ifie kwako. Na vijana mjue kwamba si mchezo wa kitoto: Kenya ina sheria ya makosa ya mtandaoni ya mwaka 2018 inayohusu kumsumbua mtu mtandaoni, na Sheria ya Watoto ya 2022 inamlinda mtoto dhidi ya unyanyasaji, wa mtandaoni ukiwemo.

Nakuja kwenu nyinyi wa kwenye ngazi. Nyinyi mnaotazama.

Watafiti wa Kanada waliweka kamera katika viwanja vya shule za Toronto, wakatazama watoto wakicheza. Matokeo yao ya mwaka 2001 yalionyesha kwamba karibu kila mara mtoto alipoonewa, wenzake walikuwepo wakitazama. Waliojitokeza kusaidia walikuwa wachache, mara 19 katika 100. Lakini walipojitokeza, zaidi ya nusu ya mara hizo uonevu ulikoma ndani ya sekunde 10. Sekunde 10! Hesabuni nami: moja, mbili, tatu... Hata mwadhini hajashusha pumzi.

Alikuja kwetu mtoto kutoka visiwani, ana Kibajuni chake kizuri cha kwao. Kila akijibu swali darasa linaangua kicheko, linayarudia matamshi yake. Baada ya wiki mbili akaacha kunyosha mkono. Mwalimu wake aligombeza, hakikusaidia kitu. Kilichosaidia ni kijana mmoja, si mkubwa, si hodari wa mpira, aliyehamisha dawati lake akakaa karibu naye. Mapumziko akamwambia, "Twende tukale viazi." Basi. Hakupigana na mtu. Kesho yake walikuwa watatu. Darasa haliwezi kumcheka mtu ambaye nusu ya darasa inakula naye viazi. Watoto wangu, hamkuombwa muwe mashujaa. Kaa karibu. Usicheke. Mwite kwenye mchezo. Kisha mwambie mtu mzima, na kusema huko si kuchongea, maana anayechongea anataka mtu atiwe matatani, na wewe unataka mtu atolewe matatani.

Sasa jambo gumu, na ndilo la kwetu zaidi. Mji wetu ni mdogo. Mtoto anayeonea ni nani? Ni mtoto wa binamu. Ni mjukuu wa mzee anayekaa nami msikitini. Ni mwana wa jirani tunayeazimana chumvi. Basi linapotokea, tunakimbilia kufunika. "Tusiaibishane." Tunawaita watoto wawili, tunawaambia, "Haya, shikaneni mikono, yameisha." Yamekwisha kwa nani? Suluhu ni ya waliogombana, na wale hawakugombana. Mmoja aliumiza, mmoja aliumizwa. Mkimlazimisha aliyeumizwa kumpa mkono aliyemuumiza mbele ya wazee, mmemuonea mara ya pili, na safari hii ni nyinyi. Zungumzeni na kila mmoja peke yake kwanza. Kukutana kuje baadaye, na kwa hiari ya aliyeumizwa.

Na huyu muonevu tumfanye nini? Mtume, rehema na amani zimshukie, alisema tumsaidie ndugu yetu akiwa dhalimu au akiwa amedhulumiwa. Maswahaba wakauliza, aliyedhulumiwa tunamsaidia, dhalimu tunamsaidia vipi? Akajibu: mzuieni na dhuluma yake. Hebu liangalieni neno hilo: huko kumzuia ndiko kumsaidia.

Wale vijana wanne wa dakani niliwatafuta. Mkubwa wao alikuwa na miaka 15. Nilipokaa naye mara ya tatu akapandisha shati, akanionyesha mgongo. Nyumbani kwao alikuwa anapigwa kwa waya. Sikumfutia kosa. Nilimwambia, "Ulichofanya kwa mtoto yule ni dhuluma, na kimekoma leo." Kisha nikamfuata babake kwa ajili yake yeye. Pesa za mahamri alizirudisha, kidogo kidogo, kwa kubeba mizigo gatini. Ndiyo, mtoto anayeonea anahitaji mpaka ulio wazi, na anahitaji kurekebisha alichoharibu. Fimbo haitamfunza kuacha fimbo. Viboko vimepigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001, na bado nasikia mlio wake nikipita baadhi ya madirisha. Walimu wenzangu, mtoto akiona kwamba mwenye nguvu shuleni ndiye anayepiga, tutamwambia nini uwanjani?

Mtauliza, na yule wa darasa la 5? Nilimuomba msamaha mbele ya darasa lile lile nililomwita mvivu ndani yake. Asubuhi iliyofuata nilimngoja Mkomani, mlangoni kwao, tukatembea pamoja Usita wa Mui, mimi na yeye, tukapita mbele ya daka. Na kesho yake tena. Siku ya tisa alinikuta njiani, akanisalimu, akanipita mbio na wenzake.

Adhana haiko mbali, sitawaweka zaidi. Walimu wawili wa kike wako pale mlangoni mwa Ngome, wana karatasi yenye namba 116 na mahali pa kumpata afisa wa watoto wa kaunti. Mimi siondoki. Nitakaa pale chini ya mti wa mkungu mpaka magharibi. Mwenye neno asiloweza kulisema mbele ya watu na aje. Na mtoto akija peke yake, nawaomba, msimuulize amefuata nini. Mpisheni njia apite.